Arizona: miaka mia moja ya "karatasi zako ziko wapi?" (Uzi mrefu, vuta kiti)

Mbeba Nyanya

Wakuu, salaam. Mimi ni dereva wa trela huku Arizona, Marekani. Msimu wa baridi nabeba nyanya na pilipili hoho kutoka Nogales, mpakani na Mexico, nashusha Phoenix. Barabara ni I-19 halafu I-10. Hiyo I-19 vibao vyake vya umbali ni vya kilometa, kitu ambacho sijakiona kwingine Marekani, kwa hiyo Mbongo ukiwa njiani unajisikia kama unaitafuta Chalinze. Raha inaishia kama kilometa arobaini kutoka mpakani. Hapo, katikati ya jangwa, kuna kizuizi cha askari wa mpaka.

Unashusha kioo, askari anachungulia uso, mbwa anazunguka matairi. Swali ni moja: wewe ni raia? Mimi siyo, nina grinikadi, na sheria ya shirikisho inamtaka mtu kama mimi atembee nayo muda wote. Natoa, anaitazama, napita. Mwenzangu mmoja kazini ana jina la Kihispania. Kazaliwa Tucson, baba yake kazaliwa Tucson, babu yake vilevile. Yeye akishasema "ndiyo, raia", anaulizwa tena ametokea wapi. Siku moja tukiwa foleni ya mizani nikamuuliza mbona hapandishi mori. Akanipa ule msemo wao wa siku zote: sisi hatukuvuka mpaka, mpaka ndio ulituvuka sisi.

Nikaenda kusoma, na kumbe si kejeli. Hii yote ilikuwa Mexico. Sehemu kubwa ilichukuliwa baada ya vita, kwa mkataba wa 1848, na ukanda wa kusini wenye Tucson ukanunuliwa kwa dola milioni 10, mkataba ukapitishwa 1854. Watu wamelala Wameksiko, wameamka wako Marekani na ng'ombe wao walewale. Jimbo lenyewe la Arizona limezaliwa 1912 tu.

Hoja yangu naiweka mapema ili tusipotezeane muda: Arizona hailegezi kwa huruma. Inalegeza mfuko ukiguswa. Nitawapa visa vitatu.

Cha kwanza ni Bisbee, mji wa machimbo ya shaba karibu na mpaka. Juni 1917, vita kuu inaendelea, shaba inauzika kama maji jangwani. Wachimbaji wanagoma, wengi wao wahamiaji: Wameksiko, Waserbia, Wakroatia. Tarehe 12 Julai alfajiri, Sherifu Harry Wheeler (sherifu ni mkuu wa polisi wa kaunti, anachaguliwa kwa kura) akatoka na wanaume kama 2,000 aliowapa bunduki na mamlaka, kila mmoja kafunga kitambaa cheupe mkononi wajuane. Wakagonga nyumba hadi nyumba. Kampuni ya Phelps Dodge ilikuwa nyuma ya mpango mzima. Watu karibu 2,000 wakaswagwa hadi uwanja wa besiboli wa Warren, na pale wakapewa hiari: rudi kazini sasa hivi au panda treni. Waliogoma kurudi, karibu 1,200, wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, samadi bado ipo chini, wakatupwa jangwani New Mexico.

Huo uwanja upo mpaka leo na bado unachezewa. Nilipita na gari langu dogo siku ya mapumziko. Jukwaa la mbao, mabenchi yamepigwa rangi, watoto wanarusha mpira. Nilikaa dakika ishirini nikila karanga, nikijaribu kupiga picha kichwani ya watu wote wale wamesimama kwenye yale majani. Hawaenei vizuri, lazima walibanana.

Nani alifungwa? Hakuna. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1920 ikaamua kwamba utekaji wa namna ile ni jambo la jimbo, siyo la shirikisho. Na jimbo ndilo lilikuwa la wenye shaba.

Nakuja na cha pili, ngoja nijaze mafuta.

Chuma cha Reli

Mkuu tupo, usije ukatuacha kwenye mataa. Mabehewa ya ng'ombe kabisa?

Mbeba Nyanya

Ya ng'ombe kabisa, mkuu. Tuendelee.

Kisa cha pili, sikukuu ya Martin Luther King. Mwaka 1986 Gavana Bruce Babbitt aliitangaza kwa amri yake kuwa sikukuu ya jimbo. Januari 1987 akaapishwa gavana mpya, Evan Mecham, muuza magari, na karibu kitu cha kwanza alichofanya ni kuifuta. Sababu aliyotoa ni kwamba Babbitt hakuwa na mamlaka hayo. Kisheria alikuwa na mahali pa kusimamia, lakini mdomo wake ndio uliomponza, kila akieleza anazidi kuharibu. Stevie Wonder akasema hakanyagi Arizona. Mikutano ikafutwa, mahoteli ya Phoenix yakaanza kuhesabu vyumba vitupu. Mecham mwenyewe bunge lilimng'oa Aprili 1988, ingawa kwa makosa mengine: kuzuia uchunguzi na kutumia vibaya fedha.

Novemba 1990 wananchi wakapigia kura sikukuu hiyo. Cha kuchekesha ni kwamba waliwekewa mapendekezo mawili tofauti kwenye karatasi moja. Watu wakachanganyikiwa, yote mawili yakaanguka, moja nusura lipite. Ligi ya NFL, ile ya mpira wa Kimarekani, ilikuwa imeshaonya. Fainali yao, Super Bowl ya Januari 1993, ikahamishwa kutoka Phoenix hadi Pasadena, California. Fikiria AFCON inahamishwa kutoka kwako kwa sababu ya kura mliyopiga wenyewe. Novemba 1992 wakapiga tena: asilimia 61 ndiyo. Na Super Bowl ikaja Tempe, pembeni ya Phoenix, Januari 1996. Mtanisamehe, mimi naona risiti hapo.

Cha tatu ni SB 1070, sheria ya uhamiaji ya jimbo, mnachokijua wengi. Gavana Jan Brewer aliisaini tarehe 23 Aprili 2010. Polisi wa kawaida, hata aliyekusimamisha kwa taa iliyoungua, akiwa na shaka kwamba huna vibali, anapaswa kuuliza hali yako ya uhamiaji. Kutotembea na karatasi kukawa kosa la jimbo. Mtu asiye na kibali kutafuta kazi, kosa. Timu ya kikapu ya Phoenix Suns ikacheza tarehe 5 Mei dhidi ya San Antonio ikiwa imevaa jezi za "Los Suns", jina lao kwa Kihispania, kuonyesha wako na nani. Mikutano ikaanza kufutwa tena kama enzi za Mecham. Julai Jaji Susan Bolton akazisimamisha sehemu kali kabla hazijaanza kazi. Machi 2011 Seneti ya jimbo ilitaka kuongeza sheria nyingine tano za namna hiyo, mojawapo ikigusa uraia wa watoto wanaozaliwa hapa. Wakurugenzi 60 wa makampuni wakaandika barua. Zote tano zikaanguka.

Umeona? Siyo kanisa, siyo wimbo, siyo maandamano. Ni barua ya wakurugenzi.

Kijogoo wa Shamba

Mleta uzi umetiririka, lakini mbona unaongea kama kulinda mpaka ni dhambi? Mgeni asiye na kibali ni mgeni asiye na kibali, hata umwandikie mashairi. Sisi wenyewe Tanzania 2013 tulikuwa na Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wasio na vibali, Kagera, Kigoma na Geita, na wengi humu mlishangilia.

Mama Likoni

Kijogoo, ya Kimbunga kuna watu walitolewa wakiwa wameoa, wamezika wazazi hapo hapo na wana ng'ombe. Usiitumie kama mfano mzuri.

Sasa nije kwako Mbeba Nyanya. Umeandika vizuri kaka yangu lakini umeniudhi. Mimi nimesoma Tucson miaka minne, chuo, na nimejitolea huko na akina mama wa kanisa. Umewapa matajiri sifa ya kazi ambayo hawakuifanya. Babu yangu mzaa baba alivaa kipande shingoni, kile kibati cha mkoloni, hukwenda mjini bila kipande. Kipande hakikuondoka Kenya kwa sababu Mzungu alipata hasara. Watu walikataa kukivaa, wakachoma, wakafungwa.

Nikutajie ulioruka.

Wenyeji wa asili. Walifanywa raia wa Marekani 1924, lakini Arizona ikawanyima kura kwa hoja kwamba wako chini ya ulezi wa serikali, kama watoto au vichaa. Mwaka 1947 Frank Harrison, mwanajeshi aliyerudi kutoka vita kuu ya pili, na Harry Austin, wote wa eneo la wenyeji la Fort McDowell, walikwenda kujiandikisha Phoenix, wakakataliwa dirishani. Wakashtaki. Julai 1948 mahakama kuu ya jimbo ikawapa haki. Ni kampuni gani iliandika barua? Na bado wengi waliendelea kukwama kwenye mtihani wa kusoma Kiingereza hadi miaka ya 1970 ilipoingia, kwa sababu Mnavajo mtu mzima ambaye hakufundishwa Kiingereza angeusomaje?

Shule. Phoenix ilikuwa na sekondari ya Weusi peke yao, baadaye ikaitwa Carver. Mwaka 1951 wazazi wa Kimeksiko wa Tolleson walishinda kesi ya watoto wao kutengwa. Mwaka 1953 Jaji Struckmeyer akasema ubaguzi wa shule za sekondari Phoenix hauna msingi wa katiba, mwaka mzima kabla ya ile kesi maarufu ya Brown, ambayo Mahakama ya Juu ilikataza ubaguzi wa shule nchi nzima. Mwaka huohuo Lincoln na Eleanor Ragsdale, mume akiwa mmoja wa marubani Weusi wa jeshi waliofunzwa Tuskegee na mwenye biashara ya maziko, walihamia mtaa wa Wazungu. Wakaandikiwa tusi ukutani kwa rangi. Mume hakulifuta haraka. Alitaka majirani walione.

Na Tucson yangu. Tarehe 24 Machi 1982 Mchungaji John Fife wa kanisa la Southside Presbyterian alitangaza mbele ya waandishi kwamba kanisa lake litawahifadhi wakimbizi wa El Salvador na Guatemala, waliokuwa wakikimbia vita na kunyimwa hifadhi. Alichagua siku hiyo kwa sababu miaka miwili kabla, tarehe hiyo, Askofu Mkuu Romero wa El Salvador aliuawa akiwa madhabahuni. Serikali ikapenyeza wapelelezi wenye vinasa sauti, wakakaa kwenye mabenchi wakiimba tenzi na wenzao. Mwaka 1986 watu wanane wakatiwa hatiani. Lakini tayari makanisa kibao nchi nzima yalishafuata. Hiyo faida ya mfuko iko wapi?

Chuma cha Reli

Mama Likoni kapiga kwenye mshono. Wapelelezi wanaimba tenzi, aisee.

Mbeba Nyanya

Dada, nimekusoma mara mbili nikiwa nasubiri kushusha mzigo. Umenibana, nakubali. Hasa Fort McDowell, napita pembeni yake na sikuijua.

Kijogoo, nawe nikujibu. Hakuna aliyesema mpaka ubomolewe. Ngoja nikupe kesi moja uniambie ulinzi wa mpaka uko wapi. Kaunti ya Maricopa, ndiyo yenye Phoenix, ilikuwa na sherifu Joe Arpaio kuanzia 1993 hadi mwisho wa 2016. Huyu ndiye aliyefungua gereza la mahema, mahabusu wanalala nje kwenye joto la hapa. Julai huku ni nyuzi 43, 45, usukani unaushika kwa taulo. Akawavalisha chupi za pinki, akaita waandishi. Miaka ya mwanzo alikuwa anawindana na mambo mengine. Uhamiaji aliukumbatia baadaye, alipoona una kura. Mwaka 2007 akapata mkataba na shirikisho wa askari wake kushughulikia uhamiaji, akaanza operesheni za kusimamisha magari mitaa yenye Walatino.

Septemba 2007, Cave Creek, askari wake wakasimamisha gari. Dereva Mzungu akaachiwa. Abiria, Manuel de Jesús Ortega Melendres, mtalii kutoka Mexico mwenye viza halali, akafungwa pingu na kuwekwa kwa saa kadhaa. Viza anayo, Kijogoo. Karatasi anazo. Kilichokosekana ni sura. Mei 2013 Jaji Murray Snow akaamua kwamba ofisi ile ilikuwa inabagua kwa rangi. Arpaio akaendelea. Wapiga kura wakamwondoa Novemba 2016, Julai 2017 Jaji Bolton, yule yule wa SB 1070, akamtia hatiani kwa kuidharau mahakama, Agosti Trump akamsamehe. Bili ya kesi hiyo imelipwa na walipa kodi wa kaunti, nikiwemo, imeshapita dola milioni 200.

Kabla ya hapo kulikuwa na Chandler, Julai 1997. Polisi wa mji na askari wa mpaka wakafanya msako wa siku tano, wanafukuza watu hadi maduka ya vyakula, watu 432 wakakamatwa. Waliosimamishwa humo ndani walikuwemo raia kabisa, kwa ngozi na lugha tu.

Sasa narekebisha hoja yangu, dada. Nimekaa nayo tangu Casa Grande. NFL haikuamka asubuhi ikampenda King. Waliandamana watu Phoenix tangu Januari 1987, mwaka baada ya mwaka, ndipo kufanya biashara na Arizona kukawa aibu. Wakurugenzi 60 waliandika Machi 2011, lakini tangu Aprili 2010 akina mama walikuwa wamepiga kambi ya sala mbele ya bunge, zaidi ya siku mia, kwenye joto nililokueleza. Pesa ilifika, lakini ilifika nyuma ya watu. Bisbee hakukuwa na watu nyuma, ndiyo maana pesa ilikaa upande wa bunduki.

Na mwandishi wa SB 1070, Seneta Russell Pearce, hakung'olewa na kampuni. Novemba 2011 wapiga kura wa Mesa walimwita nyumbani katikati ya muhula, wakamchagua Jerry Lewis, Mrepublikani mwenzake, Mmormoni mwenzake. Watu wa kanisa lake mwenyewe walimchoka.

Kijogoo wa Shamba

Ya mwenye viza nakubali, hapo walichemka. Ila swali: SB 1070 ilifutwa au haikufutwa? Maana huku tulisikia imefutwa.

Mama Likoni

Nusu, nikujibu mimi. Juni 2012 Mahakama ya Juu ilipiga chini vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa. Cha polisi kuuliza hali ya uhamiaji wakikusimamisha kilibaki. Mwaka 2016 kesi ikamalizwa kwa makubaliano na mwongozo kwamba wasikucheleweshe barabarani kwa ajili ya swali hilo tu.

Niongeze la jangwani, kwa sababu ndilo nililoliona kwa macho. Miaka ya 1990 shirikisho lilibana miji ya mpakani, San Diego na El Paso, likitegemea jangwa la Arizona lijilinde lenyewe. Watu wakaingia jangwani. Mei 2001 walikufa 14 kwa mpigo karibu na Yuma, kiu. Ofisi ya uchunguzi wa maiti ya Kaunti ya Pima imepokea mabaki ya watu zaidi ya 3,000 tangu mwaka 2000. Tulikuwa tunakwenda na kikundi cha Humane Borders kujaza mapipa ya maji. Pipa la bluu, na juu yake bendera ya bluu kwenye mlingoti mrefu ili mtu aione kwa mbali. Ukifika unaonja maji kwanza, unaangalia kama kuna aliyetoboa. Mapipa mengine tulikuta yametobolewa kwa risasi, tundu mbili, kuingia na kutoka. Siku moja chini ya mti wa paloverde tulikuta kiatu cha mtoto, ndara, kamba imeshonwa kwa waya. Moja tu. Mzee tuliyekuwa naye aliiokota, akaitazama, akairudisha palepale.

Mwana Uvira

Bandugu, jambo. Miye niko Tucson, nilifika 2016 na mke na watoto wane, tulitoka Nyarugusu, Kigoma, tuliishi kambini miaka kumi na saba. Nasoma tu humu kila siku, leo naandika.

Sisi wakimbizi tulikuja na karatasi, shirikisho ndilo lilituleta. Basi nilikuwa naona mambo ya Wameksiko ni yao. Mwaka 2022 nilipata uraia. Mwezi wa kumi ikaja bahasha ya kura nyumbani, kwa posta. Ndani karatasi ndefu sana, majaji siwajui hata mmoja, na maswali kumi ya jimbo zima. Tulikaa mezani na binti yangu wa sekondari, yeye anasoma Kiingereza, ananitafsiria Kiswahili, mama yake anapika fufu anauliza mumemaliza?

Akafika swali la 308. Mwaka 2006 jimbo lilipitisha sheria kwamba mwanafunzi asiye na karatasi alipe karo ya chuo kama mtu wa jimbo lingine, mara mbili na zaidi. Hii 308 inasema aliyesoma sekondari hapa miaka miwili na akamaliza, alipe kama wenyeji. Binti akaacha kutafsiri. Akataja rafiki yake, wanakaa dawati moja darasa la kemia, amekuja hapa na miaka mitatu, anamsaidia binti yangu hesabu tangu alipokuwa hajui Kiingereza. Huyo anakuja hapa kwangu, anakula fufu yetu. Sikuwa najua kama hana karatasi. Binti yangu alijua muda wote, hakutuambia.

Nikaweka alama kwa kalamu nyeusi, nikaangalia mara mbili kama ni pale. Ilipita, asilimia 51.

Chuma cha Reli

Mwana Uvira, karibu sana kaka, usirudi kusoma kimya. Huyo rafiki alikwenda chuo?

Mwana Uvira

Anasomea uuguzi. Anafanya kazi usiku kwenye duka la mjomba.

Kijogoo wa Shamba

Kwa hiyo sasa Arizona imebadilika?

Mbeba Nyanya

Mkuu, miaka miwili baada ya hiyo 308, Novemba 2024, wapiga kura haohao walipitisha 314 kwa asilimia kama 63. Inafanya kuvuka mpaka nje ya vituo rasmi kuwa kosa la jimbo, polisi wa jimbo wakukamate. Ila kifungu hicho kilifungwa mkia na sheria ya Texas inayofanana nayo: kisianze mpaka ile ya Texas iruhusiwe na mahakama ifanye kazi.

Mwenzangu wa Tucson niliyemtaja juu, yule wa mpaka uliomvuka babu yake, nilidhani alipiga hapana. Nikamuuliza tukipakia. Alipiga ndiyo. Nikabaki namkodolea. Akasema atanieleza tukifika, halafu tukapangiwa magari tofauti, na mpaka leo ratiba haijatukutanisha.